Lee Keegan: Beki Aliyemgeuza Mshambuliaji Kuwa Mkabaji

Katika mechi nyingi za Lee Keegan wa kaunti ya Mayo, aliyeishia kufanya kazi ya kukaba si Keegan, bali mshambuliaji ambaye Keegan alipangiwa kumzuia. Sijaona beki mwingine wa mpira wa Kigaeli wa kizazi chake aliyefanya hivyo vizuri kumshinda.

Kwa asiyeufahamu mchezo huu wa Ayalandi: kila timu ina watu 15, na mpira unashikwa kwa mikono, ila baada ya hatua nne lazima uudundishe au uuguse kwa mguu ukurudie mikononi. Enzi za Keegan, ukipita juu ya mtambaa wa panya ilikuwa pointi moja. Ukiingia wavuni ni bao, lenye thamani ya pointi tatu. Uwanja una urefu wa mita 130 hadi 145, na urefu huo ndio uliokuwa silaha ya Keegan.

Mchukue Diarmuid Connolly wa Dublin, mwenye umbo la nguvu na shuti za miguu yote miwili. Beki wa kawaida angeshughulika naye mpira ukimfikia. Keegan alimganda kama ruba hata mpira ukiwa mbali, bega kwa bega, kisha Mayo wakiupata tu, alichomoka. Sasa Connolly alikuwa na njia mbili, na zote mbaya. Akimfuata, anamaliza pumzi ambayo angeitumia kufunga, na mpira ukipotea yuko mbali na lango la Mayo, amelipa mgongo. Akimwacha, Mayo wana mtu wa ziada mbele. Na mtu huyo alijua kufunga, ndiyo maana hakuna aliyethubutu kumpuuza.

Gharama ilikuwepo: nyuma yake palibaki uwazi. Ndiyo maana wakati wa kuondoka ulikuwa na uzito kuliko kasi yenyewe. Alitoka mwenzake akiwa ameushika mpira barabara, si ukiwa bado unagombaniwa.

Fainali ya ubingwa wa Ayalandi ya 2016, dhidi ya Dublin, ilionyesha ubora na hatari ya staili hii. Mchezo wa kwanza, Septemba 18, uliisha kwa sare, na namna alivyombana Connolly ikazua mjadala mkubwa magazetini. Katika marudiano ya Oktoba 1, Keegan alimvuta Connolly chini kipindi cha kwanza akapewa kadi nyeusi, ambayo wakati huo ilimtoa mchezaji moja kwa moja ingawa timu iliruhusiwa kumbadilisha. Dublin walishinda 1-15, yaani bao moja na pointi 15, kwa 1-14. Bao lao, penalti ya Connolly, lilitokana na kosa la kipa wa Mayo, kwa hiyo si haki kulihesabu kama pengo la Keegan. Lakini alipotoka, Connolly hakuwa tena na wa kumkimbiza. Mwaka huohuo Keegan alichaguliwa mchezaji bora wa Ayalandi.

Fainali ya mwaka uliofuata, Dublin tena. Safari hii alipewa Ciarán Kilkenny, mtu ambaye mashambulizi ya Dublin yalipitia mikononi mwake. Keegan alimnyima mpira, na kipindi cha pili akapanda mwenyewe na kufunga bao. Kwangu ile ndiyo mechi yake kubwa kuliko zote. Mayo walipoteza kwa pointi moja, 1-17 kwa 1-16. Dean Rock alipokuwa akipiga mpira huru wa ushindi, Keegan alimrushia kifaa cha GPS alichokuwa amevaa. Kitendo kile sikitetei. Rock alifunga hata hivyo.

Kufikia 2021 alikuwa amesogezwa nyuma, karibu na lango. Huko hapana nafasi ya kukimbiza mtu, kwa hiyo kazi ilihamia mikononi: kusimama imara, kuruhusu mshambuliaji audundishe mpira, na kuupangusa kwa kiganja kilicho wazi mara unapoachana na mikono yake, bila kushika jezi. Mayo waliwatoa Dublin, mabingwa mara sita mfululizo, katika nusu fainali, kisha wakafungwa na Tyrone. Keegan akaingia kikosi cha nyota wa mwaka kwa mara ya tano, safari hii katika safu ya mwisho ya ulinzi, na Januari 2023 akaacha kuichezea kaunti yake.