Sauti ya Ukumbi katika Santuri ya B.B. King, Live at the Regal

Wapenzi wa bluzi wanapotajiwa Live at the Regal, jambo la kwanza wanalolisifu ni gitaa. Husimulia namna B.B. King anavyoutetemesha uzi kwa kidole, na namna gitaa linavyonyamaza anapoimba, kisha likamjibu anaponyamaza yeye, kwani hakuwa na desturi ya kuimba na kupiga kwa wakati mmoja. Sifa hizo ni za haki. Hata hivyo, twaona zinaacha nje nusu ya kazi yenyewe, na nusu hiyo ndiyo inayotuhusu zaidi sisi tunaoshughulika na fasihi simulizi.

Onyesho hilo lilirekodiwa tarehe 21 Novemba 1964 katika ukumbi wa Regal, upande wa kusini wa Chicago, na santuri ikatolewa mwaka 1965. (Jengo lilibomolewa mwaka 1973.) Hiyo ilikuwa mitaa ya Wamarekani weusi, na wengi wao, ama wenyewe ama wazazi wao, walikuwa wamehamia huko kutoka majimbo ya kusini. King mwenyewe alizaliwa Mississippi mwaka 1925, katika nchi ya mashamba ya pamba. Basi hadhira haikuja kujifunza nyimbo, ilizijua tayari. Mwimbaji alitambua hivyo, maana kabla ya kuanza Sweet Little Angel anatangaza kwamba atarudi kwenye bluzi za zamani, na anawaomba watu wapige kelele wakisikia wimbo wanaoukumbuka. Kelele hizo, basi, ziliombwa. Ni sehemu ya mapatano.

Tuchukue How Blue Can You Get. Mwanamume anahesabu alivyompa mwanamke: gari, chakula cha ghali, nyumba ya fahari, na kila zawadi yapokewa kwa dharau. Bendi hukata mdundo, na katika mwanya huo ukumbi hujaza maoni yake. Mwishowe watajwa watoto saba, ambao mwanamke sasa ataka kuwarudisha. Hapo ukumbi walipuka, sauti za wanawake zikiwa juu ya zote. Ukiyaandika maneno ya mwimbaji peke yake kwenye karatasi, utabaki na orodha kavu ya malalamiko. Kichekesho kimo katika mwanya, na mwanya huo ni mali ya wasikilizaji. Vivyo hivyo katika Worry, Worry: King anaacha kuimba na kuanza kutoa mawaidha juu ya wake na waume, kama mzee barazani, naye anangoja kuitikiwa kabla ya kuendelea.

Twalisema hili kwa sababu mara nyingi mno wanafunzi wetu hutuletea kaseti za nyimbo za arusi au za matanga pamoja na maandishi ya sauti ya kiongozi pekee. Vigelegele, vicheko, mtu aliyedakia neno: vyote vimefutwa kama makelele. Kwa maoni yetu, aliyefanya hivyo hakuuandika wimbo. Ameandika upande mmoja wa mazungumzo.

Si kwamba kila kipande cha santuri hii ni bora. Help the Poor, unaoifunga, ulikuwa wimbo mpya wakati ule, na kwetu ni dhaifu: mdundo wake hauachi mwanya, nao ukumbi hauna la kujibu.

Anayetaka kulinganisha na asikilize Live in Cook County Jail, iliyorekodiwa mwaka 1970 mbele ya wafungwa wa Chicago. Kabla muziki haujaanza, wakuu wa gereza na wa mahakama watambulishwa, na wafungwa wawazomea. Mhandisi angeweza kukikata kipande hicho. Kwa bahati njema kiliachwa, nacho chafasiri kila kinachofuata.

Tena kuna Septemba 1974, King alipopiga mjini Kinshasa, katika uwanja wa 20 Mai, uitwao leo Tata Raphaël, katika tamasha lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la Ali na Foreman. Wengi uwanjani hawakujua Kiingereza, na mzaha wa watoto saba haungeweza kuwafikia kama ulivyowafikia watu wa Regal. Picha za filamu zipo. Mwanafunzi mwenye subira angeweza kuzikaa, kalamu mkononi, akiandika si maneno ya King bali mahali uwanja unapojibu.