Kimeng'enya Kinachoila Dawa, na Jinsi Karolinska Walivyokipitia Mlango wa Nyuma

Kwa miongo kadhaa sitarabini imekuwa nguzo ya tiba ya lukemia kali ya mailoidi, lakini kwa wagonjwa wengi hufika mahali ikagonga mwamba. Mwaka 2017 Nikolas Herold na wenzake wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, walimtaja mhusika mmoja: kimeng'enya SAMHD1. Wagonjwa ambao seli zao za saratani zilikuwa nacho kwa wingi walipona kwa shida zaidi. Watafiti wa Ujerumani nao walitoa jibu hilo hilo mwaka huo.

Kazi ya kawaida ya SAMHD1 ni ya umetaboli: huvunja nukleotidi, malighafi ya DNA, zisizidi ndani ya seli. Wanaofuatilia utafiti wa UKIMWI wanakijua tangu 2011, maana huvinyima VVU malighafi hiyo. Sitarabini ikiingia kwenye seli hugeuzwa kuwa ara-CTP, inayofanana mno na nukleotidi halisi. Kimeng'enya hakibagui, kinaivunja kabla haijaigusa DNA ya saratani.

Ili kukiondoa kizuizi hicho, watafiti kwanza walitumia Vpx, protini ya virusi vilivyo jamaa ya VVU ambayo husababisha SAMHD1 iteketezwe. Maabara ilifurahi, ila kuifikisha protini hiyo katika kila seli ya mgonjwa ni kazi nyingine kabisa. Ilihitajika molekuli ndogo ya kumeza au kudungwa.

Hapo ndipo ulipo ufundi wa kazi iliyochapishwa mwaka 2020, mtafiti Sean Rudd wa Karolinska akiwa mbele. Waliweka pamoja seli za aina moja, kundi moja likiwa na SAMHD1 na jingine limeondolewa jeni yake, wakazijaribu kwa sitarabini pamoja na kemikali nyingine. Kemikali iliyoongeza makali ya sitarabini kwenye kundi la kwanza tu ndiyo iliyohesabiwa. Iliyoua makundi yote mawili ilikuwa sumu tu. Miongoni mwa zilizobaki ilikuwemo dawa ya zamani, haidroksiurea.

Ajabu ni kwamba haidroksiurea haiigusi SAMHD1. Inazuia kimeng'enya kingine, ribonukleotidi riduktesi, jambo ambalo Peter Reichard wa Karolinska na wenzake walilieleza tangu 1968. Kikizuiwa hicho, uwiano wa nukleotidi huvurugika. Nazo nukleotidi ndizo zinazoiwasha SAMHD1, kwa kukaa kwenye vishikizo vyake vya pembeni. Ikikaa isiyofaa, kimeng'enya kinabaki kimewaka lakini kinazembea katika kuvunja ara-CTP.

Kwa kuwa dawa zote mbili zilikuwa na usajili wa miaka mingi, safari ya kwenda wodini ilikuwa fupi: jaribio dogo la awali, HEAT-AML, limeshafanyika kwa wagonjwa wa Sweden. Majaribio makubwa ndiyo yatakayoamua kama watu wanaishi zaidi, na hakuna mgonjwa anayepaswa kujichanganyia dawa hizi.

Kwetu Afrika Mashariki haidroksiurea si ngeni. Kilifi na Mbale zilikuwa miongoni mwa vituo vinne vya jaribio la REACH, lililoonyesha kuwa inawasaidia watoto wenye selimundu. Madaktari wetu wanazijua kapsuli zake na jinsi ya kufuatilia damu ya anayezitumia. Ikithibitishwa dhidi ya lukemia, kikwazo chetu hakitakuwa kupata dawa mpya ya bei ya juu, bali kumgundua mgonjwa mapema na kuwa na sitarabini ya kutosha.