Hattie McDaniel na Suala la Mhusika Bapa

Aghalabu mtahiniwa anapotakiwa kumjadili mhusika mtumishi katika tamthilia au riwaya, hujibu kwa sentensi mbili tu: kwamba ni mwaminifu, na kwamba ni mhusika bapa kwa kuwa hakui. Baada ya hapo hurukia kwa bwana mwenye nyumba. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu la aina hiyo huacha nje sehemu kubwa ya kazi ya sanaa. Yatafanya hivyo kwa kuyapitia maisha ya Hattie McDaniel, mwigizaji wa filamu wa Marekani aliyelipwa karibu maisha yake yote ili awe mhusika wa namna hiyo. Nimemteua yeye kwa sababu mgogoro uliomzunguka ulikuwa, kwa hakika, mgogoro wa kihakiki. Mhusika akisawiriwa vibaya, lawama ni ya nani? Ni ya mwandishi wa mswada, ya mwelekezi, au ya yule anayesimama mbele ya kamera?

McDaniel alizaliwa Wichita, jimbo la Kansas, katika muongo wa 1890, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto 13. Baba yake, Henry, alizaliwa utumwani na baadaye akapigana upande wa Muungano katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Mama yake, Susan, alikuwa mwimbaji wa nyimbo za dini na alifanya kazi katika nyumba za watu. Binti alikulia Colorado, na akiwa mwanafunzi mjini Denver alishinda nishani katika mashindano ya kughani. Mwalimu wa fasihi simulizi asilipuuze jambo hilo. Kabla ya kuwa mwigizaji wa filamu, McDaniel alikuwa mghani na mwimbaji. Sauti ndiyo iliyokuwa mtaji wake wa kwanza. Alizunguka na makundi ya maonyesho, akaimba redioni, na uchumi ulipoporomoka mwaka wa 1929 akajikuta Milwaukee akihudumu katika msala wa wanawake wa klabu moja ya usiku. Ni humo humo alimopewa nafasi ya kupanda jukwaani, na jukwaa hilo halikumrudisha tena msalani.

Mwaka wa 1931 alihamia Los Angeles. Alipata nafasi katika kipindi cha redio akiigiza kijakazi mwenye maringo anayesahau mipaka yake mbele ya waajiri. Malipo yalikuwa haba mno, kwa hiyo ilimbidi aendelee kufua na kupika kwa watu. Tazama kinaya hicho: anauigiza utumishi hewani, kisha anautekeleza nyumbani kwa mtu, na wa kuigiza ndio unaomruhusu kujibu. Katika filamu zake nyingi za mwanzo jina lake halikutajwa hata kidogo.

Filamu ninayoiona kuwa ufunguo wa sanaa yake si ile iliyompa umaarufu. Ni *Alice Adams* ya mwaka wa 1935, iliyoelekezwa na George Stevens, ambamo Katharine Hepburn ni msichana wa familia isiyo na kitu inayojifanya kuwa nacho. Familia hiyo inamkodi mtumishi wa siku moja, Malena, ili imvutie mgeni wa heshima kwa chakula cha jioni. Joto ni kali, chakula ni kizito, na Malena anaandaa meza huku akitafuna chingamu, kofia yake nyeupe ikiteleza kichwani. Ukisoma mswada peke yake utasema huyu ni kikaragosi cha mtumishi mvivu, kilichowekwa hapo ili hadhira icheke. Mtazame McDaniel, hata hivyo. Mwendo wake ni wa pole makusudi. Macho yake yanawapima wenyeji mmoja mmoja, na kimya chake kinasema kwamba yeye ndiye mtu pekee katika chumba hicho anayejua kuwa karamu yote ni maigizo. Kejeli inamwondokea mtumishi na kuwarudia waliomkodi. Hayo hayamo katika maneno ya mhusika. Yamo katika mwili wa mwigizaji.

Sasa tuje kwa *Gone with the Wind* ya mwaka wa 1939, iliyotokana na riwaya ya Margaret Mitchell ya 1936 na kutayarishwa na David O. Selznick. McDaniel anaigiza Mammy. Hapa inatupasa kuwa makini na istilahi: huyu kwanza ni mjakazi, yaani mtu anayemilikiwa, na baada ya vita ndipo anapokuwa mtumishi. Wanafunzi wetu huyatumia maneno hayo mawili kana kwamba ni kitu kimoja, hali kwa msomaji wa Pwani ya Afrika Mashariki neno mjakazi lina historia yake nzito. Usawiri wa Mammy katika mswada una upungufu mkubwa. Hana jina jingine. Mume wake hatumwoni, watoto hatuwaoni, wala hatumwoni akiwa na saa moja ya peke yake. Vita vinavyokomesha utumwa vinapita juu yake bila kumbadilisha. Siku ya uhuru inamkuta akiwahudumia walewale. (Kuhusu kukosa jina, tusiwacheke Wamarekani haraka. Katika nyumba nyingi za miji yetu mfanyakazi wa nyumbani huitwa "anti" miaka nenda miaka rudi, na siku anapoondoka hakuna anayelijua jina lake la pili.)

Pamoja na hayo, zipo sehemu ambazo mwigizaji anaupita mswada. Anapomfunga Scarlett kamba za vazi la kubana kiuno, yeye ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu adabu ya nyumba ile, na anaitoa bila kuogopa. Anapomwonyesha Rhett Butler gaguro jekundu alilopewa zawadi, anacheka kama mwanamke aliyekwisha kumsamehe mtu kwa hiari yake. Sehemu nzito kuliko zote ni ile ya ngazi. Mtoto wa Rhett na Scarlett amefariki. Mammy anapanda ngazi pamoja na Melanie huku akimsimulia jinsi baba alivyompiga risasi farasi mdogo aliyemwangusha mtoto, na jinsi anavyokataa maiti izikwe kwa kuwa mtoto aliogopa giza. Mkasa huo hatuuoni, tunausikia tu. McDaniel anafanya kazi ya mtambaji: anapanda, anapumua, anakatiza, machozi yanaingia kati ya maneno, na sisi tunaiona nyumba yote kupitia sauti moja. Nishani ile ya kughani ya Denver imezaa tunda lake hapa. Mwalimu anayetaka kuwaeleza wanafunzi tofauti ya kusimulia na kuonyesha hatapata mfano bora.

Filamu ilizinduliwa Atlanta mnamo tarehe 15 Desemba 1939, na waigizaji weusi hawakuhudhuria kwa sababu ya sheria za ubaguzi za Georgia. Tarehe 29 Februari 1940, katika hoteli ya Ambassador mjini Los Angeles, McDaniel alitunukiwa Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike. Miongoni mwa aliowashinda alikuwemo Olivia de Havilland, yule Melanie wa ngazini. Alikuwa Mwamerika mweusi wa kwanza kuteuliwa na wa kwanza kushinda. Hoteli hiyo haikuwapokea weusi, na ilibidi Selznick amwombee ruhusa ya kuingia. Hata hivyo aliketi kwenye meza ndogo kando ya ukuta, mbali na wenzake. Alitoka hapo na bamba, si sanamu, kwa maana miaka hiyo waigizaji wasaidizi walipewa mabamba.

Je, wahakiki weusi walifurahi? Si wote. Walter White, kiongozi wa chama cha NAACP, mwaka wa 1942 alikwenda Hollywood kuwashinikiza wakuu wa studio waache kuwasawiri weusi kama vijakazi na wachekeshaji tu. McDaniel alijitetea kwa hoja iliyojulikana sana: heri kulipwa mamia ya dola kwa wiki kwa kuigiza mtumishi kuliko kulipwa dola chache kwa kuwa mtumishi. Mwenzake katika filamu ileile, Butterfly McQueen, alichagua njia nyingine. Alichoshwa na nafasi hizo na katika miaka ya 1940 akaziacha.

Kwa maoni yangu, White alikuwa na haki kuhusu mswada na hakuwa na haki kuhusu mwigizaji. Picha ya mjakazi anayeridhika na utumwa ilikuwa uongo, na uongo huo ulitazamwa na mamilioni. Lakini mswada huo haukuandikwa na McDaniel. Kumtoza yeye deni la Mitchell na Selznick ni kosa lilelile la mtahiniwa anayemchukia mwigizaji kwa sababu ya matendo ya mhusika. Nami siko tayari kumtakasa McDaniel kabisa. Hoja yake ya mshahara ni hoja ya tumbo, na si jibu la swali la kisanaa aliloulizwa. Alipokubali kuwa mtumishi mwingine mchangamfu katika *Song of the South*, mwaka wa 1946, alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba anaweza kazi nyingine.

Alikuwa ameionyesha katika *In This Our Life* ya mwaka wa 1942, iliyoelekezwa na John Huston. Humo ni Minerva, mtumishi tena, ila mwanawe anasomea sheria, naye anasingiziwa na mwanamke mweupe kwamba alimgonga mtoto kwa gari na kukimbia. Minerva anaeleza kwamba mwanawe alikuwa nyumbani usiku ule, na kwamba polisi hawasikilizi maneno ya kijana mweusi. Hapigi kelele. Hana mzaha hata mmoja. Mbele ya uso huo, dai kwamba McDaniel hakujua jingine ila kuchekesha linaanguka. Kazi ni ileile, nguo ni zilezile, lakini mswada umempa mtumishi mtoto na jambo la kupoteza. Hapo ndipo tunapoona kwamba ubapa si tabia ya watu wa tabaka fulani. Ni uamuzi wa mwandishi. Ken Walibora aliliona hilo katika *Kidagaa Kimemwozea*. Imani anafanya kazi nyumbani kwa Mwalimu Majisifu, lakini anaingia mle akiwa na historia yake na majeraha yake, na hakuna mtahiniwa anayethubutu kumwita bapa.

Maisha yake nje ya skrini nayo yalikuwa na ukakamavu. McDaniel alinunua nyumba kubwa West Adams, Los Angeles, katika mtaa ulioitwa Sugar Hill. Majirani weupe walishtaki wakitegemea mikataba ya ardhi iliyowazuia weusi kukaa hapo. Yeye na wenzake, akiwemo mwigizaji Louise Beavers, walimtumia wakili Loren Miller, na Desemba 1945 Jaji Thurmond Clarke akaitupilia mbali kesi kwa msingi wa katiba. Miaka mitatu baadaye Mahakama ya Juu ilikataza mikataba ya aina hiyo isitekelezwe na mahakama nchini kote. Mammy hakumshtaki mtu wala hakushtakiwa; Hattie McDaniel alisimama mahakamani na akabaki na nyumba yake. Mwaka wa 1947 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa nyota wa kipindi chake mwenyewe cha redio, *Beulah*. Mhusika huyo Beulah, mtumishi mweusi, awali aliigizwa na mwanamume mweupe.

Alifariki kwa saratani ya matiti mnamo tarehe 26 Oktoba 1952. Alikuwa ameomba azikwe katika makaburi ya Hollywood, akakataliwa kwa rangi yake; mnara wa kumkumbuka uliwekwa humo mwaka wa 1999. Bamba la Oscar aliliusia Chuo Kikuu cha Howard, likapotea huko, na Oktoba 2023 Akademia ikakipa chuo hicho jingine badala yake. Wakenya wana sababu ya kulikumbuka bamba hilo. Tarehe 2 Machi 2014 Lupita Nyong'o alishinda tuzo ya kitengo kilekile kwa kumwigiza Patsey katika *12 Years a Slave*. Patsey naye ni mjakazi, miaka 74 baada ya Mammy, lakini mswada wake unatokana na kumbukumbu za Solomon Northup, aliyewahi kuwa mtumwa mwenyewe.

Mwaka wa 2020 *Gone with the Wind* iliondolewa kwa muda katika huduma moja ya filamu nchini Marekani, kisha ikarejeshwa ikiwa na utangulizi wa mtaalamu wa filamu Jacqueline Stewart. Naona kurejeshwa huko kulikuwa uamuzi sahihi. Mwalimu atakayetaka kulitumia suala hili darasani asianze na filamu hiyo, ambayo ni ya karibu saa nne. Aanze na karamu ya *Alice Adams*. Awape wanafunzi kwanza maneno ya Malena yakiwa yameandikwa, waorodheshe sifa zake kama wanavyozoea katika Karatasi ya Tatu, kisha awaonyeshe picha, na awaulize ni sifa zipi wangezifuta.