Nafasi Tupu za SD40-2

Wakusanyaji wengi wa modeli za vichwa vya treni za Marekani huanzia kwenye vitu: ribiti, honi, vishikio, feni za paani. Mimi huanza kutazama pasipo na kitu. Katika SD40-2, kichwa cha dizeli kilichoundwa na EMD, lililokuwa tawi la General Motors, kuanzia 1972, sehemu inayosema mengi zaidi ni vibaraza vyake viwili, kimoja mbele ya pua na kingine nyuma ya boneti. Ni virefu kupita kiasi, na juu yake hamna kitu ila vishikio vya wafanyakazi.

Urefu huo una sababu. Chasisi yake, ya takriban mita 21, ilitumika pia kwa SD45-2, ambayo injini yake ina silinda 20. SD40-2 ina silinda 16 na nguvu za farasi 3,000, hivyo boneti yake ni fupi, na sehemu ya chasisi iliyobaki ikawa uwanja mtupu. Kwa kipimo cha 1:87 modeli nzima ni kama sentimita 24. Mtengenezaji akirefusha boneti kwa milimita chache tu, vibaraza hudumaa na kichwa hupoteza sura yake, hata kama kila ribiti iko mahali pake.

Kampuni ya reli ya Southern Pacific ilihitaji uwazi wa namna nyingine. Njia yake ya Sierra Nevada ilipita kwenye mahandaki na mabanda ya kukinga theluji, na vichwa vilivyofungwa pamoja vilivuta hewa iliyokwisha kupashwa moto na vilivyotangulia. Hewa ya moto hukaa juu, na SD40-2 ya kawaida huvuta hewa ya rejeta kutoka huko huko juu. Kwenye SD40T-2, toleo la SD40-2 kwa njia za namna hiyo, EMD ikashusha milango ya hewa hadi usawa wa njia ya kutembelea, na feni zikahamishiwa chini ya rejeta. Denver & Rio Grande Western, kampuni nyingine ya reli ambayo treni zake zilipita handaki la Moffat lenye urefu wa kilomita 10 hivi, ikanunua pia vichwa hivyo. Simama ubavuni mwa kichwa hicho: kwa nyuma, chini ya rejeta, utauona mwanga wa upande wa pili.

Hapo ndipo ninapoipima modeli. Wavu uliofinyangwa kwa plastiki na kupakwa rangi nyeusi hupendeza pichani, lakini weusi si uwazi. Modeli inayozuia mwanga pale imenakili ngozi ya SD40T-2 na kuacha hoja yake nje.

Modeli za zamani za Athearn za vichwa vya aina ya GP zina kosa la kinyume: boneti ni nene kuliko inavyotakiwa, kwa kuwa mota ya wakati ule haikuweza kuenea ndani ya boneti ya upana sahihi. Ninaiheshimu sababu hiyo, maana hata kichwa halisi kiliumbwa na injini iliyomo ndani yake. Lakini siwezi kuyakubali matokeo. Boneti ikinenepa, njia ya pembeni hubana, na fundi aliyepaswa kupita hapo hana pa kuweka mguu.

Namba ya ubavuni nayo ni dai zito. Inaifunga modeli kwa kichwa kimoja, katika miaka fulani ya maisha yake. Vichwa vya Southern Pacific vya rangi ya kijivu na pua nyekundu vilitoka kiwandani vikiwa na kishada cha taa puani, zikiwemo zinazoyumba. Baadaye taa hizo za kuyumba ziliondolewa. Kampuni hiyo ilipomezwa na kampuni ya reli ya Union Pacific mwaka 1996, vingi vilibandikwa viraka vya namba mpya juu ya rangi ya zamani. Kwa hiyo modeli yenye kishada kamili na kiraka kwa pamoja siinunui mpaka nione picha ya kichwa chenye namba ile ile, yenye tarehe.