Rangi Tatu Zinapoachana
Runinga za projekta, zile kubwa zilizojaza sebule nyingi za Marekani katika miaka ya 1990, zina jambo ambalo runinga bapa za leo hazina: zikiharibika, picha yenyewe humwonyesha fundi pa kuanzia. Ndani ya kabati mna tyubu tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu. Kila moja hurusha picha yake kupitia lenzi hadi kwenye kioo, nacho huiakisi kwenye skrini. Kwa hiyo ubovu mara nyingi huja na rangi yake, na ufundi ninaousifu hapa ni ule wa kuusoma kabla bisibisi haijagusa skrubu.

Ugonjwa uliozisumbua mno ni rangi kuachana: mstari mweupe unachanika, na pembeni yake unachomoza mwekundu au wa buluu uliopinda. Tyubu ya kijani kwa kawaida hukaa katikati na kurusha picha moja kwa moja, ndiyo maana hutumiwa kama kipimo cha nyingine. Nyekundu na buluu hurusha kwa mshazari, hivyo picha zao lazima zinyooshwe na koili zilizo kwenye shingo za tyubu. Kila rangi husahihishwa kwa mlalo na kwa wima, jumla njia sita, na katika runinga nyingi njia hizo hugawanywa kwenye IC (saketi jumuishi) mbili za jamii ya STK. Fundi huleta mistari ya majaribio kwenye skrini, akatazama. Buluu ikiwa imeyumba juu na chini tu, huku kushoto na kulia imetulia, njia tano zimekwisha kuondolewa kwenye orodha ya washukiwa. Hapo ndipo anapozima umeme, akashika mita na kupima rezista za omu chache zilizo karibu na IC. Kwanza hugusanisha ncha za mita ili aujue ukinzani wa nyaya zake na kuutoa, kwani kwenye omu nne, nusu omu ni tofauti kubwa.

Wapo wanaosema utafiti huu wote ni wa bure: badilisha IC zote mbili, kazi imekwisha. Mara nyingine ni kweli. Lakini rezista iliyokatika ikiachwa, au grisi ya kupitisha joto ikipakwa ovyo, IC mpya nayo huenda ikaungua, na bei yake si ya kuchezea.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba zama za runinga hizi zimepita. Mitsubishi iliacha mwaka 2012 kutengeneza hata zile za kizazi cha baadaye zisizotumia tyubu. Ni kweli, na si kila moja inastahili kuokolewa. Ila hukumu hiyo nayo yadai ufundi uleule. Picha ikiwa na ukungu kuzunguka maandishi meupe, ziba lenzi mbili kwa kadibodi, utazame rangi moja moja. Ukungu ukiwa kwenye buluu pekee, huenda kimiminika cha kupoza kilicho mbele ya tyubu hiyo kimechafuka, nacho hubadilishwa. Lakini nembo ya stesheni ikiwa imejichora daima pembeni mwa skrini, utando unaong'aa ndani ya tyubu umeungua, nao hautengenezeki. Fundi anayemweleza mwenye runinga hayo kabla ya kumtoza hata senti ya vipuri ameifanya kazi yake yote.