Muyaka Alivyookolewa, na Nyimbo za Jembe za Kasekese

Masika yaliyopita nilisimama kando ya shamba la mahindi Kasekese, wilayani Tanganyika, simu mkononi, nikirekodi vijana wa Kisukuma waliokuwa wakipalilia. Manju alianzisha, wenzake wakaitikia, majembe yakashuka pamoja. Sauti ilitoka safi. Nikarudi nyumbani nikiamini kwamba wimbo ule nimeuhifadhi.

Nilipoketi kuusikiliza, niliona kuwa nilichokuwa nacho ni sauti tu. Wimbo ulimtaja ng'ombe aliyekataa nira, na kila alipotajwa wapaliliaji waliangua kicheko. Ng'ombe gani huyo, na kwa nini wacheke? Ilibidi nimfuate mzee mmoja wa pale kijijini. Akanieleza kuwa ng'ombe yule ni mtu: jirani anayealikwa kwenye kazi ya pamoja naye hatokei. Wimbo wenyewe ulikuja na wazazi wao walipohama kutoka Usukumani na mifugo yao, na anayesemwa ndani yake hubadilishwa kila unapofika kijiji kipya. Maelezo yale ya dakika chache ndiyo yaliyoifanya rekodi yangu iwe na maana.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ushairi wa mdomo huokolewaje hasa. Jibu ninalolisimamia ni hili: wimbo huokolewa na mtu anayeweza kuueleza, aulizwe angali hai. Karatasi na simu ni vyombo vya kumsaidia. Ili kuona kazi hiyo inavyofanywa hatua kwa hatua, twende kwanza Mombasa.

Muyaka bin Haji al-Ghassaniy aliishi huko kati ya mwaka 1776 na 1840 hivi. Alitunga juu ya ugomvi wa Mazrui, watawala wa Mombasa, na Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, juu ya mapenzi, ukata na kujibizana kwa malenga. Mashairi yake yalitembea midomoni mwa watu, na alifariki pasipo diwani iliyochapwa. Hata hivyo, karne moja baadaye, mwaka 1940, Diwani ya Muyaka ilitoka. Katikati hapo palipita kazi kubwa.

Hatua ya kwanza ilifanywa na shairi lenyewe. Shairi la aina aliyoitunga Muyaka lina mishororo minne, kila mmoja una mizani kumi na sita zilizogawanywa nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho. Wengi tumefundishwa kuyaona hayo kuwa mapambo. Kwa mtu anayehifadhi kichwani, ni kipimo. Akisahau neno, mizani inapungua na sikio linamshtaki papo hapo. Pengo linalobaki lina ukubwa unaojulikana, silabi mbili au tatu, na kama liko mwishoni lazima lifungwe kwa kina fulani. Kwa hiyo wazee wawili waliolikumbuka shairi kwa namna mbili waliweza kusahihishana, kwa kuwa wote walikuwa na mzani mmoja wa kupimia.

Hatua ya pili ni kalamu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni wa Mombasa aliyefariki mwaka 1890, aliyakusanya mashairi hayo na kuyaandika kwa hati za Kiarabu. Alifanya hivyo pamoja na mmisionari William Ernest Taylor, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1880. Tazama miaka hiyo vizuri. Muyaka alikuwa amekwisha kufa kwa miongo minne au mitano, na Sikujua mwenyewe alibakiwa na miaka isiyozidi kumi ya kuishi. Mlango ulikuwa unafungwa, na kazi ilipita upenyoni. Ingecheleweshwa miaka ishirini zaidi, waliomsikia Muyaka kwa masikio yao wasingekuwapo wa kuulizwa.

Hatua ya tatu ni ngumu kuliko inavyodhaniwa, nayo ni kuyatoa mashairi katika hati za Kiarabu na kuyatia katika hati za Kirumi. Hati za Kiarabu zina alama tatu za irabu, na Kiswahili kina irabu tano. Kasra hubeba i na e; dhumma hubeba u na o. Kwa uandishi wa zamani, “kiti” na “keti” huweza kuonekana sawasawa. Herufi moja ya be ilitumika kwa b, kwa p na hata kwa mb, hivi kwamba “bua” na “pua” hutofautishwa na msomaji, si na maandishi. Hapo kina husaidia: neno moja la mwisho likijulikana kwa hakika, huamua irabu ya mengine yanayofuata kina hicho. Lakini katikati ya mshororo hakuna msaada huo. Anayehitajika ni mtu anayejua Kimvita, lahaja ya Mombasa, anayejua kisa, na anayeweza kusema kwamba mshairi alikusudia hili na si lile. Taylor alikuwa naye, ndiye Sikujua. Ndiyo maana karatasi zake, ambazo sasa zimetunzwa London, zina thamani kubwa: ndani yake mna maelezo pamoja na mashairi.

Taylor alifariki mwaka 1927. William Hichens ndiye aliyeihariri diwani ya 1940, iliyochapwa Johannesburg. Mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz akachapisha Nairobi kitabu chake juu ya Muyaka, akiyaweka mashairi ndani ya historia ya Mombasa iliyoyazaa. Naiita hiyo hatua ya nne, ya kurudisha. Bila yake tungekuwa na ng'ombe aliyekataa nira, tusijue ni nani.

Je, njia hii inafaa Kasekese? Kwa sehemu tu. Nyimbo za jembe za Wasukuma hazipimwi kwa mizani kumi na sita. Zinapimwa kwa pigo la jembe na kwa viitikio, na Kisukuma ni lugha ya toni, ambamo kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kubadili maana. Wimbo ukiandikwa maneno matupu umepoteza kitu. Mtafiti wa muziki Frank Gunderson, aliyefanya kazi Usukumani katika miaka ya 1990, alilitambua hilo. Kitabu chake cha mwaka 2010 juu ya nyimbo za kazi za Wasukuma kina nyimbo zaidi ya mia tatu, na kila wimbo umefuatana na maneno yake ya Kisukuma, tafsiri na maelezo ya waimbaji. Sikujua alifanya kwa kalamu, Gunderson akafanya kwa kinasa sauti. Swali waliloliuliza ni lile lile.

Mbali na kwetu, watu wa Kikonkani, lugha ya Goa na pwani ya magharibi ya India, wamepambana na kazi ya kuhifadhi lugha na nyimbo zao kwa karne nyingi. Lugha yao ilikuja pia Zanzibar, Dar es Salaam na Nairobi pamoja na Wagoa waliohamia huku. Mwaka 1684 watawala wa Kireno waliamuru iachwe. Imeandikwa kwa hati tano tofauti, na sheria ya Goa ya mwaka 1987 ilipoifanya lugha rasmi kwa hati ya Devanagari, waliozoea kuiandika na kuiimba kwa hati za Kirumi walijiona wameachwa nje. Mwaka 2008, mjini Mangalore, waimbaji walipokezana nyimbo za Kikonkani kwa saa 40 mfululizo. Nimejifunza mambo mawili kwao. Kuchagua herufi ni kuchagua nani atasoma. Na wimbo uliohifadhiwa bado unahitaji kuimbwa.

Kwa hiyo, anayerekodi Kasekese afanye hivi. Siku hiyo hiyo, kabla vumbi la shamba halijamtoka manju, akae naye. Ayaandike maneno kama yalivyotamkwa, asiyanyooshe yafanane na Kiswahili. Aulize: nani alitunga, uliimbiwa nani, ulitoka wapi, na neno gani limebadilishwa njiani? Kisha airudishe nakala pale ilipotoka. Kwa Kisukuma, chenye wasemaji mamilioni, bado tuna muda. Kwa Kibende, lugha ya wenyeji wa ukanda huu, haraka ni kubwa zaidi. Mwanaisimu Yuko Abe alichapisha msamiati wake mwaka 2006, na hiyo ni hazina. Lakini neno ndani ya msamiati halisemi lilimchekesha nani shambani.

Mimi nilirudi kwa yule mzee na daftari langu, nikamsomea wimbo huku simu ikiucheza. Wajukuu wake walikuja kusikiliza. Alinyamaza hadi mwisho, halafu akanisahihisha neno moja nililolisikia vibaya. Mjukuu wake mkubwa akauliza neno hilo lina maana gani, na mzee akaanza kumweleza.