Kosa la Utambuzi katika Mkaguzi Mkuu wa Serikali: Usomaji wa Garissa

Tamthilia ya Nikolai Gogol iliyoigizwa mara ya kwanza St. Petersburg mwaka 1836, na ambayo Christon Mwakasaka aliifasiri mwaka 1979 kwa jina la Mkaguzi Mkuu wa Serikali, huhakikiwa mara nyingi kama futuhi ya hongo. Maoni hayo si ya uongo, lakini hayatufikishi mbali. Hongo ni matokeo. Chanzo ni utambuzi. Khlestakov hakuja mjini kudanganya mtu. Ni karani mdogo aliyemaliza fedha zake katika kamari, akakwama katika nyumba ya wageni. Wanaomfanya mkaguzi ni Bobchinsky na Dobchinsky, na ushahidi wao yafaa utazamwe kwa makini: halipi, haondoki, hati yake ya safari inataja Saratov, tena alichungulia sahani zao. Hoja hizo zingetosha kabisa kuthibitisha kwamba mtu huyu hana senti na ana njaa. Hofu ndiyo iliyozisoma vingine.

Msomaji wa Garissa ataafikiana nasi hapa bila taabu. Atakapotuacha ni katika kicheko kimoja cha sehemu ya kwanza. Hakimu anabuni kwamba mkaguzi anatumwa kuchunguza uhaini, kwa kuwa vita vinakaribia. Mkuu wa mji anamkejeli: mji wao hauko mpakani, na nchi za kigeni ziko mbali mno. Kicheko hicho chategemea jiografia. Katika uliokuwa Mkoa wa Kaskazini-Mashariki, upumbavu wa hakimu ndio uliokuwa busara rasmi. Hali ya hatari iliyotangazwa Desemba 1963 haikuondolewa hadi 1991, na mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walitakiwa wahojiwe na kupewa kadi za rangi ya waridi ndipo wahesabiwe raia. Kwa Gogol, mtu duni amedhaniwa mkubwa. Huku mwenyeji alidhaniwa mgeni, na kosa hilo halikumletea karamu wala mchumba.

Linalofanana zaidi ni njaa. Khlestakov anaupokea ukubwa usio wake tumbo likiwa tupu, mwenye nyumba ya wageni akiwa amechoka kumkopesha chakula. Baada ya kambi za Dadaab kufunguliwa mwaka 1991, Wakenya wengi wa sehemu hizo waliofilisiwa na ukame walijiandikisha kama wakimbizi ili wapate posho. Nasita kuuita huo udanganyifu. Alama zao za vidole zilibaki katika orodha ya wakimbizi, nao walipoomba vitambulisho vya taifa waliambiwa kwamba wao si Wakenya. Khlestakov anaondoka kwa gari la farasi, mifuko imejaa. Hawa hawakuwa na gari la kuwangoja.

Kwa mtazamo huu, neno "Mkuu" katika anwani ya tafsiri lina dosari. Kirusi kina neno moja tu, Revizor, yaani mkaguzi, basi. Kumpandisha cheo kabla pazia halijafunguliwa ni kumsaidia Bobchinsky kazi yake.

Onyesho la mwisho, askari anapotangaza kuwa mkaguzi wa kweli amefika na watu wote wakaganda, huchukuliwa kuwa ndipo haki inapoingia jukwaani. Sioni ithibati ya hilo katika matini. Mkaguzi huyo haonekani, hasemi, wala hatuambiwi atawatambua wenyeji kwa ushahidi upi.